Fomalini si Dawa Pekee ya Kuhifadhi Maiti za Masomo

Mzazi ambaye mwanawe anasomea udaktari huenda akasikia malalamiko haya katika mwaka wa kwanza: macho yanachoma, pua inatiririka na kichwa kinauma kila baada ya somo la kupasua maiti. Wengine hudhani ni woga wa wafu. La, mara nyingi ni fomalini.

Dawa hii ni gesi ya fomaldehaidi iliyoyeyushwa katika maji, na ndiyo hutumiwa mochari jamaa wanapojiandaa kusafirisha marehemu mashambani. Mwili wa mazishi, hata hivyo, huhitaji kukaa siku chache tu, ilhali ule wa masomo huweza kupasuliwa kidogo kidogo kwa mwaka mzima au zaidi. Kwa hivyo hutiwa dawa nyingi zaidi, kupitia mshipa mkubwa wa paja au wa shingo.

Fomaldehaidi hushikanisha protini za mwili, karibu kama yai linavyoganda likichemshwa. Viini vya kuozesha hufa, na nyama haiozi. Lakini pia hushupaa na kugeuka rangi ya kijivu au kahawia. Mwanafunzi ataona mshipa ulipo, ila goti la maiti halikunjiki, na hawezi kujua jinsi msuli wa mtu aliye hai unavyoteleza chini ya kidole. Kwa anayejifunza upasuaji, hilo ni pengo kubwa.

Mwaka wa 1992 Profesa Walter Thiel wa mji wa Graz, Austria, alichapisha mbinu tofauti. Yeye alitumia chumvi kadhaa, asidi ya boriki, glaikoli na fomalini kidogo tu. Mwili hudungwa, kisha hulazwa katika tangi la dawa kwa miezi kadhaa. Ukitolewa, viungo hukunjika na ngozi ni laini, hata daktari anaweza kujizoeza upasuaji wa kupitia matundu madogo. Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, kinaitumia mbinu hii. Ubaya wake ni gharama ya matangi na dawa. Isitoshe, moja ya chumvi hizo, amonia naitreti, hutengenezewa mbolea na pia vilipuzi, kwa hivyo si kitu cha kununuliwa ovyo.

Kugandisha maiti kwenye barafu huiacha ikifanana zaidi na mtu aliye hai. Lakini ikiyeyuka huanza kuoza baada ya siku chache, na viini vya kifua kikuu au homa ya ini huenda vikawa bado vizima. Stima nayo ikipotea, kazi imeharibika.

Kwa maoni yangu, chuo kisicho na fedha nyingi kibaki na fomalini, ila kiipunguze nguvu, kichanganye na gliserini ili nyama isikauke, na kiweke feni za kuvuta hewa chafu nje. Mwaka wa 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliitaja fomaldehaidi kuwa chanzo cha saratani ya nyuma ya pua kwa binadamu.

Mwanafunzi mwenye pumu amwarifu mwalimu mapema. Mhudumu anayechanganya dawa, ambaye huvuta mvuke huo miaka nenda miaka rudi, anunuliwe barakoa yenye kichujio cha gesi. Ile ya kitambaa haizuii chochote hapo.