Mgeni au Mwenyeji? Istilahi za Kinga ya Mwili na Utambuzi wa DNA

Makala haya yanachunguza sitiari iliyozoeleka madarasani mwetu, kwamba mwili una "askari" wanaomtambua adui na kumpiga. Sitiari hiyo inafaa kwa chembe nyeupe za damu. Haifai kwa hatua inayotangulia vita, yaani namna seli moja inavyong'amua kuwa imeingiliwa na virusi.

Tuchukue protini iitwayo cGAS, ambayo Zhijian Chen na wenzake wa Dallas, Marekani, waliitangaza mwishoni mwa 2012, na ambayo ilimpatia Chen Tuzo ya Lasker mwaka wa 2024. Protini hii haipigani, wala haisomi ujumbe ulioandikwa katika DNA. Hushika DNA yoyote yenye nyuzi mbili inayoikuta katika ute unaozunguka kiini cha seli. DNA yetu kwa kawaida hukaa ndani ya kiini, na kiasi kidogo ndani ya mitokondria. Ikionekana kwingine, pana jambo. Hapo cGAS huunda molekuli ndogo, cGAMP, ambayo huiendea protini nyingine, STING, nayo husababisha jeni za intaferoni kuamka na seli jirani kupata onyo. Kwa lugha ya wanasarufi, cGAS hutazama ngeli ya mahali tu.

Kwa RNA, mambo ni tofauti kidogo. Protini ya RIG-I hukagua umbo: RNA ya virusi kama vya mafua huwa na fosfeti tatu zilizo wazi kwenye ncha ya mwanzo, ilhali RNA yetu ya ujumbe huvikwa kofia. Ni sawa na kulitambua neno kwa kiambishi awali chake.

Sasa tuitazame istilahi "DNA ngeni", inayotujia upesi tunapofasiri. Wapo watoto wanaozaliwa na hitilafu katika jeni ya TREX1, ambayo kimeng'enya chake huivunjavunja DNA iliyozagaa nje ya kiini. Kikikosa kufanya kazi, DNA ya mtoto mwenyewe hurundikana, kengele ikalia pasipo virusi, na ubongo ukaathirika. Huo ni ugonjwa wa Aicardi-Goutières. Mzazi akielezwa kwamba mwili wa mwanawe unapambana na "DNA ngeni", atauliza imetoka kwa nani.

Napendekeza "DNA iliyo nje ya mahali pake". Ni ndefu, na wanaistilahi watanung'unika. Lakini "DNA potevu", iliyo fupi, inabeba lawama ambayo mtoto huyo hastahili.