Mfadhaiko Mkali Kabla ya Hedhi: Jua Dalili, Tafuta Tiba

Mwanamke anayelemewa na huzuni, hasira au mawazo ya kujiua kila mwezi, siku chache kabla ya hedhi, hata akashindwa kuchuma majani chai, si mvivu wala hajarogwa. Huenda ana mfadhaiko mkali wa kabla ya hedhi, ugonjwa ulioingizwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani mwaka wa 2019. Ubongo wake huathirika zaidi na mabadiliko ya kawaida ya homoni.

Dalili hupungua siku chache baada ya damu kuanza. Aandike hali yake kila siku kwa mizunguko miwili, kisha apeleke daftari Hospitali ya Kianyaga. Dawa na ushauri nasaha husaidia.

Mawazo ya kujiua yasingoje daftari: apelekwe hospitalini mara moja.