Somo la Mwezi: Tiketi ya Treni ya Usiku, Desemba

Kila Desemba tunaona jambo lile lile. Mama anafika stesheni ya Syokimau na watoto na mizigo, halafu anaambiwa treni imejaa. Tujifunze kupanga mapema.

1. Tuijue treni yenyewe. Ile ya zamani yenye vitanda, Nairobi hadi Mombasa, ilisimama mwaka 2017. Madaraka Express ya usiku ina viti tu. Mgonjwa au mzee sana heri asafiri mchana.

2. Tuweke nauli. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500. Watu wazima wawili, kwenda na kurudi, ni 6,000. Tukianza Julai, shilingi 300 kwa wiki kwa wiki 20, katikati ya Novemba pesa ziko tayari.

3. Tukate ya kurudi siku hiyo hiyo. Wengi hukata ya kwenda tu. Januari shule zinafunguliwa, nao bado wako kwa shemeji wanakula karo.

4. Tusimpe mlanguzi pesa. Tunakata wenyewe kwa simu, *639#, na kulipa kwa M-Pesa. Stesheni wanaangalia kitambulisho. Tiketi yenye jina la mwingine ni hasara yako.

5. Tupange mapokezi. Stesheni ya Miritini iko mbali na mji, na treni hufika kabla hakujapambazuka.

Tuzungumze kikundini: Ni nani kati yetu alikwama mwaka jana, na kwa nini? Tutaanza kuweka lini?