Dondoo muhimu: Mazoezi ya miamba wa mashindano ya nguvu kwa mtu wa kawaida

Mashindano ya kumsaka mtu mwenye nguvu zaidi duniani yalianza mwaka 1977 huko California, Marekani. Mazoezi yake hayahitaji mashine za bei mbaya. Mkazi wa Mitwero, Lindi, anaweza kuanza na madumu ya maji.

Tembea na mzigo. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20 na ushee. Shika moja kila mkono, kifua wazi, hatua fupi, mita 20 hadi 30, kisha pumzika hadi pumzi irudi. Ukishindwa, mwaga maji kidogo. Uzito unaupanga mwenyewe. Vidole, mabega, tumbo na miguu vyote vinafanya kazi hapo, na kwa maoni yangu zoezi hili peke yake linatosha mwezi wa kwanza.

Kiroba cha mchanga: chuchumaa, kikumbatie kifuani, inuka kwa nguvu ya mapaja. Mgongo ukianza kupinda, acha, hata kama wenzako wanakushangilia.

Tairi la lori lisukume kwa kifua na miguu. Ukilivuta kwa mikono iliyokunjwa, msuli wa mbele wa mkono unaweza kuchanika.

Mara mbili kwa wiki yatosha. Joto la pwani si la kuchezea, hivyo fanya alfajiri au jioni, na ufukweni punguza mzigo kwa sababu mguu huzama. Mwenye presha, ngiri au ujauzito amwone daktari kwanza.