Shangazi, kumuuguza babu ni kazi au ni kujificha?

*Mimi ni kijana wa miaka 24, wa Hanga, Ruvuma. Chuo niliacha mwaka wa pili. Nikaendesha bodaboda Mbagala, nikauza vocha Makambako, kote sikudumu. Mwaka jana babu alipata kiharusi, nikaambiwa nirudi nyumbani wiki mbili nimwangalie. Huu ni mwezi wa kumi na moja.*

*Babu ni fundi seremala. Mkono wa kulia haunyanyuki, na maneno yanamtoka kwa shida. Namwogesha, namlisha, usiku namgeuza. Utotoni nilimwogopa, siku hizi ananiita "mume mwenzangu" na kunisimulia habari za marehemu bibi. Jioni hukaa mlangoni akinielekeza kwa mkono wa kushoto namna ya kupiga randa. Nimetengeneza vigoda vitatu. Kimoja kinayumba, alikicheka mpaka machozi.*

*Sasa baba mdogo ameniitia kazi ya dukani Kariakoo. Wenzangu wanasema najificha nyuma ya mgonjwa. Nikibaki, nimeshindwa maisha? Nikiondoka, nimemtupa babu?*

Mume Mwenza, Hanga

Mwanangu,

Wenzako hawakukosea moja kwa moja. Chumba cha mgonjwa kinaweza kuwa maficho mazuri: hakuna anayekuuliza umefikia wapi. Basi jiulize mwenyewe: babu akiamka kesho mzima, wewe utaamka uende wapi? Usipokuwa na jibu, tatizo hilo halikuletwa na babu, na Kariakoo haitalimaliza. Litapanda basi pamoja nawe, kama lilivyokufuata Mbagala na Makambako.

Ila wanapokuona huna kazi, hapo wamekosea. Wiki mbili zimefika miezi kumi na moja kwa sababu katika familia zetu asiye na ajira huhesabiwa hana la kufanya, basi mgonjwa anakuwa wake. Baba mdogo anayekuita Dar, amesema nani atamgeuza baba yake usiku? Muulize, kwa adabu, lakini muulize. Tena umwombe aje alale hapo siku tano, aoshe na kulisha kwa mikono yake. Baada ya hapo itisheni kikao cha ukoo, mpange zamu, na pesa ya dawa na sabuni itoke kwa kila mtu kwa kiasi chake. Mtu mmoja akiuguza peke yake mwaka mzima, hata upendo huanza kunung'unika.

Katika kikao hicho yasemwe na haya. Kama babu amepewa dawa za presha, azimeze kila siku hata akijisikia vizuri, kwani aliyepata kiharusi mara moja yuko hatarini kupata tena. Wakati wa kula akae wima asipaliwe. Mdomo ukipinda ghafla, mkono mwingine ukilegea au maneno yakivurugika upya, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali. Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mwenye miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo. Nenda kwa mtendaji wa kijiji uulize habari ya kitambulisho chake cha mzee.

Sasa tuje kwenye vigoda, maana barua yako ilipofika hapo ilichangamka. Huko Ruvuma useremala una mizizi. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na misheni zao zilifundisha ufundi sambamba na dini. Hanga penyewe pana abasia yao. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: aliyejifunza kazi nje ya darasa hupimwa, akifaulu hupewa cheti. Huwezi kwenda na vigoda vitatu, mwanangu, tena kimoja kinayumba. Lakini ukikomaa, mlango upo. Uliza mapema wanataka nini, kisha jiwekee tarehe. Kubaki ukiwa na tarehe na kazi ni uamuzi. Ukibaki bila hivyo, wenzako watakuwa wamesema kweli.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hili la Kariakoo, hata hivyo, muulize babu. Mmekaa miezi kumi na moja mnamjadili yeye, na hukuniandikia popote kwamba mmewahi kumuuliza anachotaka. Huenda akakwambia nenda. Huenda akakuonyesha randa kwa ule mkono wa kushoto. Kwa vyovyote, akizungumza usimmalizie maneno. Mpe muda ayatafute mwenyewe.

Na kile kigoda usikirekebishe bado. Mwombe akuonyeshe ni mguu upi uliozidi.

Shangazi