Je, Programu Ikipitishwa kwa Kompaila Huenda Mbio Zaidi?

Muhula uliopita ubishi ulizuka katika maabara yetu ya kompyuta. Programu yangu ya Python ya kutafuta nambari tasa ilijikokota hadi kengele ya kipindi cha dakika 40 ikalia kabla haijamaliza. Rafiki yangu akasema, "Si uigeuze tu iwe faili ya exe, itapaa!" Nikaigeuza. Haikupaa. Kwa nini?

Tuchukue mfano. Kwenye baraza la chifu, mgeni akihutubu kwa Kiswahili, mkalimani humfuata kwa Kikamba sentensi baada ya sentensi. Mgeni akirudia neno mara mia, mkalimani naye hurudia mara mia. Hiyo ndiyo intapreta. Lakini hotuba ikitafsiriwa yote usiku na kuchapishwa, asubuhi watu wanajisomea tu. Hiyo ndiyo kompaila. Ndiyo sababu lugha ya C, iliyoundwa na Dennis Ritchie mnamo 1972, kwa kawaida huiacha Python mbali katika hesabu nyingi.

Sasa exe yangu je? Wenzangu, kufunga si kutafsiri. PyInstaller hufunga programu pamoja na intapreta yake katika furushi moja. Ni kama kumpakia mgeni na mkalimani wake katika matatu moja: watafika pamoja, lakini kazi ni ile ile. Hata faili za pyc ambazo Python hujiwekea hupunguza muda wa kuanza tu. PyPy ni tofauti: sehemu zinazorudiwarudiwa huzitafsiri kuwa lugha ya mashine programu ikiendelea, na hapo mara nyingi mwendo huongezeka kweli.

Hata hivyo, dawa yangu ilitoka kwa mwalimu wa hisabati. Kuhakikisha kwamba 10,007 ni tasa, niliigawanya kwa kila nambari kutoka 2 hadi 10,006, yaani majaribio 10,005. Kumbe yatosha kukomea 100, kwa kuwa kipeuo chake cha pili ni 100 na ushei, na kigawanyo kinachozidi hapo lazima kiwe na mwenzake aliye chini. Majaribio 99 tu! Python ile ile ikamaliza kabla kengele haijalia.

Basi jibu ni ndiyo, kompaila ya kweli husaidia; lakini rekebisha hesabu yako kwanza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.