Amana kwa Ndugu: Jinsi ya Kuchukua Vitu Vyako Mkishakosana

Watanzania wengi wamewahi kuacha vitu kwa ndugu. Umehamishwa kikazi, au kodi ya chumba imekwisha kabla hujapata kingine, na shangazi au baba mdogo anakwambia leta tu, nafasi ipo. Hakuna anayeandikishana. Kisha yanazuka maneno, pengine ya msibani, pengine ya shamba la babu, na cherehani yako, godoro na begi la vyeti viko ndani ya nyumba ambayo hukaribishwi tena.

Huhitaji kupatana na mtu ndipo uchukue vitu vyako. Nasisitiza hili kwa sababu madai mengi huharibika pale mtu anapodai begi na kudai kuombwa radhi kwa wakati mmoja. Ya ukoo yaache kwa wazee, yana muda wake. Ya vitu yashughulikie peke yake, kwa lugha ya adabu.

Sheria iko upande wako kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inagusa hali hii hasa, ya mtu kumkabidhi mwenzake mali kwa makubaliano kwamba atairudisha, hata kama halikuandikwa neno. Mtunzaji anatakiwa kuitunza kama mtu makini anavyotunza mali yake mwenyewe, na kuirudisha inapotakiwa. Asipoirudisha kwa wakati, hasara itakayotokea tangu hapo inaweza kuwa juu yake. Kwa hiyo tarehe uliyodai ina uzito mkubwa, na inafaa dai liwe la maandishi. Naye ana haki yake: kama alitunza bure lakini akalazimika kuingia gharama kwa ajili ya vitu hivyo, mrudishie. Ila deni jingine mnalodaiana haligeuzi cherehani kuwa rehani ambayo hamkukubaliana.

Anza na orodha. Andika kila kitu, rangi yake, hali yake na lini ulikipeleka. Tafuta risiti, picha za zamani, namba za friji au televisheni, na meseji mlizoandikiana. Usizifute, hata zile zenye matusi: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa aina hiyo mahakamani.

Halafu tuma ujumbe mfupi. Kwa mfano: "Shikamoo shangazi. Naomba nije Jumamosi saa nne asubuhi kuchukua cherehani, godoro na begi la bluu nilivyoviacha kwako. Nitakuja na baba mkubwa. Kama siku hiyo haikufai, naomba unitajie nyingine." Usiongeze lolote kuhusu ugomvi. Akikujibu kwa ukali, rudia ombi lilelile.

Siku ya kwenda, nenda mchana, na uwe na mtu ambaye mwenye nyumba anamheshimu. Usimchukue binamu mwenye hasira zaidi yako. Agiza kirikuu mapema ili msikae uani mkisubiri, maana maneno huanzia hapo. Linganisheni vitu na orodha, pigeni picha, mtie saini nyote pamoja na shahidi. Kilichokosekana kiandikeni hapohapo, bila kubishana.

Kamwe usiingie wakati hayupo, hata kama bado una ufunguo wa zamani. Kitu ni chako, lakini nyumba si yako, na ukivunja komeo unaweza kujikuta wewe ndiye mshtakiwa.

Akikataa, mfuate mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hawa si mahakama, lakini wito wao humlainisha mtu, nao wanaweza kusimamia makabidhiano. Polisi wafuate kama umetishiwa kupigwa, au kama vitu vimeuzwa, kwa sababu kuuza mali ya amana bila ridhaa kunaweza kuwa wizi. Vinginevyo watakwambia hilo ni shauri la madai.

Shauri la madai la aina hii huanzia Mahakama ya Mwanzo, na huendeshwa kwa Kiswahili. Omba urudishiwe vitu, au ulipwe thamani yake kama havipo tena. Usipomudu gharama za wakili, uliza watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kama mgogoro ni wa mke na mume, mgawanyo wa mali una utaratibu wake chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971.

Vyeti na kitambulisho cha NIDA vidai kwanza, kabla ya samani, kwa kuwa kuchelewa kwake kunaweza kukukosesha kazi. Cheti cha kuzaliwa unaweza kuomba nakala RITA. Lakini usiende polisi kuripoti kwamba kimepotea kitu unachojua kiko kabatini kwa mjomba. Kutoa taarifa ya uongo ni kosa, na kutakuharibia dai lako lote.

Kama mwenye nyumba amefariki, usisubiri arobaini ipite. Mpelekee msimamizi wa mirathi orodha yako na ushahidi wake, ukitunza nakala aliyoisaini kuwa ameipokea, kabla hajapeleka mahakamani orodha ya mali za marehemu.